Dari iliyo chini, Lamu na Malindi: lipi ufanye, lipi uliache

Kabla ya kununua hata brashi moja, chukua futi kamba upime mara tatu: kutoka sakafuni hadi dari yenyewe, kutoka sakafuni hadi chini ya panga la feni, na kutoka sakafuni hadi fimbo ya pazia. Kipimo cha kwanza ndicho urefu wa chumba. Hivyo viwili vingine ndivyo macho yanavyoviamini. Chumba cha futi nane, yaani mita 2.4, chenye feni iliyoning'inizwa kwa fimbo ndefu na pazia lililofungwa juu tu ya fremu ya dirisha, kinajionyesha kama cha futi saba, na hapo hata upake rangi gani hutapata faida kubwa. Kwa hiyo tunaanza na vitu vinavyoiba urefu, ndipo tuje kwenye rangi na dari.

Vyumba vyenyewe ni vya aina mbili. Katika Mji wa Kale wa Lamu chumba cha mawe ni chembamba na kirefu, kwa sababu boriti za mkoko ndizo zilizoamua upana: mita mbili na nusu hadi tatu hivi, basi. Dari ni boriti zilizopangwa kutoka ukuta mrefu hadi ukuta mrefu, juu yake mawe na chokaa. Chumba cha chini ndicho kinachobana zaidi, na mara nyingi kimebanwa na binadamu: vigae juu ya saruji, saruji juu ya sakafu ya zamani, kila safari sentimita tano au zaidi zimekwenda. Malindi shida ni nyingine. Nyumba nyingi za kupanga ni za slabu au mabati, na silingi ya jipsamu au ya bodi imeshushwa chini kuliko ilivyohitajika.

Feni: ya darini au ya ukutani?

Feni ya kawaida ya inchi 56 huja na fimbo ya sentimita 30 hivi. Ukijumlisha mota, mapanga yanakaa sentimita 35 hadi 40 chini ya dari. Kwenye chumba cha mita 2.4 hiyo ni mita 2 na kidogo kutoka sakafuni. Mtu mzima akivua kanzu, mikono yake inafika hapo. Kipimo cha usalama ni mita 2.1 kwenda juu, kwa hiyo feni hiyo haifai hata kama chumba kingeonekana kizuri.

Unaweza kukata fimbo ibaki sentimita 10 hadi 12. Mapanga yanapanda hadi mita 2.2 hivi, na macho yanapata nafuu. Mambo mawili ndiyo huharibika hapa. Kwanza, fundi anatoboa tundu jipya la bolti karibu mno na ncha ya fimbo, au anasahau pini ya kuzuia bolti isichomoke. Feni inatikisika miezi kadhaa, kisha inalegea. Pili, ukiyasogeza mapanga chini ya sentimita 20 kutoka darini, hewa ya kuvutwa kutoka juu inakosa njia: feni inanguruma lakini upepo haupo.

Ya ukutani ya inchi 16 haina upepo mwingi kama hiyo, lakini inaiacha dari tupu, na dari tupu ndiyo unayoitafuta. Kwa Lamu, hiyo ya ukutani ndiyo chaguo langu bila kusita. Ifunge kwenye ukuta mfupi, mita 1.8 hadi 2 kutoka chini, ipulize kutoka mwisho mmoja wa chumba hadi mwingine. Ukuta wa matumbawe ni laini na una mapengo ndani, kwa hiyo skrubu fupi inashika plasta tu na feni inaanguka na kipande cha ukuta. Tumia skrubu na plagi za sentimita 7 au 8, zipite plasta ziingie kwenye jiwe, na toboa bila kupiga nyundo ya mashine. Ukuta wenye zidaka, vile vishubaka vya mapambo vya ukutani, usiguswe na drili kabisa.

Malindi, kwenye chumba kipana chini ya slabu, feni fupi ya darini bado inashinda, maana bila upepo wa kutosha Machi hutalala, na chumba kinachoonekana kirefu lakini hakilaliki hakina maana.

Taa: ya kuning'inia au inayomulika juu?

Taa ya kuning'inia ina mahali pamoja tu katika chumba kifupi: juu ya meza au pembeni mwa kitanda, pasipopita mtu. Kwingine kote inaonyesha dari ilipo na kuivuta chini. Hata ile taa bapa ya katikati inayobanwa darini inamulika sakafu na kuiacha dari yenyewe gizani.

Taa ya ukutani iliyo wazi juu ndiyo inayofanya kazi. Iweke mita 1.6 hadi 1.7 kutoka sakafuni. Ikiwa karibu zaidi na dari, mwanga unakusanyika kuwa doa moja kali badala ya kutandaa. Kwa chumba cha mita 3 kwa 4, balbu mbili au tatu za LED za wati 9 (kila moja hutoa lumeni 800 hivi) zinatosha kwa kukaa. Kwa kusoma utaongeza taa ya mezani. Chagua mwanga wa manjano hafifu, wa 2700 hadi 3000K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga). Ule mweupe wa buluu unaufanya ukuta wa chokaa uonekane kama korido ya zahanati.

Kwenye boriti kuna jambo linalosahaulika na wengi. Taa iliyo kwenye ukuta mfupi inamulika boriti kwa ubavu, na kila boriti inaitupia kivuli inayofuata: dari inakuwa na mistari myeusi, nzito. Taa iliyo kwenye ukuta mrefu inatuma mwanga kufuata boriti, unaingia kwenye mapengo kati yake, na ile sehemu ya ndani ndiyo inayong'aa. Kwa hiyo Lamu: taa kuta ndefu, feni ukuta mfupi. Hazigombani.

Malindi zinagombana. Taa inayomulika juu ikiwa karibu na feni ya darini, mapanga yanaukata mwanga na chumba kizima kinapepesa. Zisogeze taa pembeni mpaka mwanga wake upite nje ya mapanga, au chagua mkanda wa LED uliofichwa nyuma ya konisi, ule ukingo wa mapambo unaozunguka juu ya kuta. Mkanda uwe angalau sentimita 10 chini ya dari, uwe umefunikwa kwa silikoni; ulio wazi hushika kutu ya chumvi kwenye viungio, na kipande baada ya kipande kinazimika.

Pazia, leso na chandarua

Hapa hakuna ubishi mrefu. Fimbo ipande hadi sentimita 5 chini ya dari, ipite dirisha sentimita 20 kila upande, na kitambaa kifike karibu sakafuni. Kwa chumba cha mita 2.4, ukitoa fimbo, vikuku na nafasi ya sentimita moja chini, pazia lililokamilika ni mita 2.3. Kata mita 2.52, upate sentimita 10 za kukunja juu na 12 chini. Kama ni pamba, ifue kwanza ndipo ukate. Ikisinyaa asilimia 4 tu, sentimita 9 zimepotea, na pazia linaloishia juu ya kifundo cha mguu linakifupisha chumba kuliko dirisha tupu. Fimbo iwe ya alumini au mbao. Ya chuma iliyopakwa rangi haichukui muda kabla kutu haijachafua kitambaa.

Watu wanapenda kushona pazia la leso, na ni zuri. Tatizo ni vipimo. Leso ina takriban mita 1.1 kwa 1.5, nayo imezungukwa na pindo pande zote. Kufikia mita 2.3 lazima uunganishe mbili, na pindo zikikutana unapata mkanda mzito unaokata dirisha katikati. Mstari wa kulala katikati ya ukuta ndio adui mkubwa wa chumba kifupi. Kama ni lazima iwe leso, unganisha kipande cha kitambaa cha rangi moja juu, leso ikae chini, au itumie kwenye mito na uache pazia liwe jeupe.

Kwenye madirisha ya tao ya Malindi, fimbo ipite juu ya tao, isijibane ndani yake. Na kwenye mlango wa ndani usio na ubao, pazia lianzie darini badala ya kwenye kizingiti cha juu; mlango wa futi sita unaonekana kama wa futi nane. (Mlango wa nakshi usiufunike. Kama unao, chumba kina shida chache kuliko unavyodhani.)

Chandarua ndicho kinachowashinda wapambaji wanaochukua mawazo ya mbali. Cha mraba kilichofungwa kamba pembe nne kinaunda dari ya pili kwenye mita 1.8, na mchana kutwa kinabaki hapo. Kitanda chenye nguzo na fremu ya juu kinafanya vilevile, tena kwa mbao nene. Cha duara kinachoshuka kutoka ndoano moja kinaacha pembe za dari wazi na asubuhi unakifunga fundo juu, ila ndani yake hewa ni finyu na mguu wa mtu mrefu unagusa wavu. Suluhu bora, ghali kidogo, ni reli mbili nyembamba zilizobanwa darini kwenyewe, chandarua cha mraba kikateleza na kusukumwa ukutani mchana.

Rangi: dari nyeupe na kuta nzito, au vyote vyepesi?

Ushauri unaosikika kila mahali ni kwamba dari nyeupe ipate kuta za rangi nzito, ili tofauti iiinue. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Mainz, Ujerumani, walilipima hilo na kuchapisha mwaka 2010. Waliona kuwa dari nyepesi huonekana juu zaidi, kuta nyepesi nazo huongeza, na athari hizo mbili hujumlishana. Tofauti kati ya dari na kuta haikuwa na uzito. Rangi ya sakafu haikubadilisha kitu. Maana yake kwa mtu wa Lamu: sakafu nyekundu, jamvi na busati viache kama vilivyo, na pesa yote ya rangi iende juu na kwenye kuta.

Ukitaka kuta zisiwe nyeupe kabisa, chagua rangi moja hafifu na dari upake ileile iliyopunguzwa nusu kwa nyeupe. Konisi, kama ipo, iwe nyembamba na ya rangi ya dari. Na kama umepanga nyumba ambayo nusu ya chini ya ukuta imepakwa rangi nzito ya mafuta ili isionyeshe uchafu, mstari ule wa mita 1.2 ndio wa kwanza kuondoa. Upige msasa mpaka mng'ao uishe, paka andakoti, kisha rangi ya maji inayooshwa, hadi chini. Bila msasa rangi mpya inabanduka kama ngozi ya kitunguu.

Kiasi: dari ya mita 3 kwa 4 ni mita za mraba 12. Makoti mawili ni 24. Lita moja hufunika mita 10 hivi kwenye bodi laini, kwa hiyo debe la lita 4 linatosha na linabaki. Kwenye plasta ya mkono ya nyumba za kale hesabu 6 au 7 kwa lita. Rangi isiyong'aa ndiyo inayofaa dari. Ya kung'aa inaakisi vizuri lakini inaonyesha kila kiungo cha bodi na kila alama ya mwiko.

Kuta za matumbawe zina sheria yao. Zinavuta unyevu na chumvi kutoka ardhini, na zinahitaji kuupumua nje. Rangi ya plastiki inauzuia. Masika ikipita unaona mapovu, kisha ukuta wa chini unamenyuka pamoja na plasta. Humo chokaa ndiyo inayoshinda, na kwa bahati ndiyo nyeupe kuliko zote. Iloweke chokaa majini angalau usiku mmoja, ichuje kwa kitambaa, iwe nyepesi kiasi cha kutiririka kwenye brashi. Lowanisha ukuta, paka makoti manne au matano, kila moja likauke siku nzima. Likiwa bichi linaonekana kama maji matupu, na hapo ndipo mtu anapoingiwa na wasiwasi akalifanya zito. Koti zito linapasuka na kuchafua kila bega linaloegemea. Nili kidogo ya kufulia inaondoa umanjano. Unapopaka dari vaa miwani, maana tone la chokaa jichoni si mchezo.

Boriti: nyeupe au ziache?

Boriti ina unene wa sentimita 12 hivi, na macho yanapima dari kutoka upande wake wa chini. Ukiziacha nyeusi na kupaka nyeupe mapengo tu, kuna kina kizuri, lakini mistari inakatiza chumba na kukitanua. Haikiinui. Chini ya mita 2.5 ningepaka vyote nyeupe. Vivuli peke yake vitaonyesha boriti zipo. Juu ya hapo ningeziacha, nipake mapengo na kuweka taa kuta ndefu.

Ila usikimbilie. Mkoko umejaa tanini, ile ile inayotumika kutengenezea ngozi isioze, nayo hupenya rangi ya maji. Baada ya wiki chache dari nyeupe inatoka madoa ya kahawia na wekundu, na kuongeza koti la tatu hakufichi kitu. Paka kwanza andakoti ya mafuta au shelaki, makoti mawili kwenye mafundo na nyufa, ndipo nyeupe. Kabla ya hayo yote, gonga kila boriti kwa mpini wa bisibisi. Inayolia tupu, au yenye unga laini chini yake, ina wadudu. Itibiwe au ibadilishwe, maana rangi itaficha hatari tu. Boriti zilizochongwa pembe au zenye rangi za kale usizipake hata kidogo, kwa sababu rangi ya mafuta haitoki tena kwenye mbao hizo. Mji wa Kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na mabadiliko kwenye nyumba za kale hupitia kwa Makavazi ya Taifa. Waone kabla ya kugusa dari au zidaka.

Malindi: kubomoa silingi au kuiacha?

Hapa ndipo urefu wa kweli unapopatikana, si wa macho tu. Panda juu na tochi uone kuna nini kati ya bodi na slabu.

| | Jipsamu ya kuning'iniza | Slabu iliyopigwa plasta | Mbao zinazofuata mteremko wa paa |
|---|---|---|---|
| Urefu | Hupoteza sm 15–20, zaidi ikiwa na ngazi | Hupoteza sm 1–2 | Huongeza sana katikati |
| Joto | Wastani | Slabu ya juu kabisa huwaka jioni | Baya bila foili (karatasi ya kung'aa ya kuzuia joto) na pengo la hewa |
| Nyaya | Hufichika | Zichimbiwe au zipite nje | Hufichika |
| Huharibika kwa | Kuvuja na mvuke. Hulegea | Nyufa zilizotiwa filla bila wavu | Mchwa, popo |

Kama juu ya chumba kuna ghorofa nyingine, ondoa jipsamu na upige plasta slabu. Sentimita 15 za bure hazikataliwi. Kama juu ni slabu inayopigwa na jua, bakiza jipsamu lakini iinue: mikanda ya chuma inaweza kubanwa sentimita 5 tu chini ya slabu ikiwa taa ni bapa. Zile ngazi mbili tatu zenye taa za rangi, zinazopendwa sana sasa, ziache kwa wenye futi kumi.

Chini ya mabati, mbao za kufuata mteremko zinakipa chumba sura nyingine kabisa. Acha pengo la sentimita 5 kati ya foili na mabati, liwe wazi chini kwenye upenu na juu kwenye mgongo wa paa. Lakini ule mti wa kulala wa kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), unaounganisha miguu miwili, haukatwi. Ndio unaozuia kuta zisisukumwe nje. Fundi akikuambia anaukata apate nafasi, mtafute mwingine.

Mtu wa Lamu anayefikiria jipsamu ajue pia safari yake. Bodi ni mita 1.2 kwa 2.4, zinashuka Mokowe, zinapanda mashua, kisha punda au mkokoteni, kisha ngazi ya mawe yenye kona. Nunua za ziada, na zifunikwe turubai, kwa sababu iliyolowa pembe haifai tena.

Fanicha na kioo

Samadari ni kitanda cha fahari na kiko juu. Ukikalia, dari iko karibu na kichwa. Kwenye chumba kifupi kitanda cha sentimita 40 hadi 45 pamoja na godoro ni bora. Usiende chini zaidi kwa kuweka godoro sakafuni: unyevu wa pwani hauna pa kutokea na ukungu unaota upande wa chini. Chaga zenye mapengo ya sentimita 5 zinatosha. Rafu nayo, ama ifike darini kabisa, ama iishie kiunoni. Inayoishia futi sita inaacha pengo linalotangaza dari ilipo.

Kioo kirefu cha kusimama, mita 1.7 kwa nusu mita, kikiegemezwa kuelekea ukuta wenye taa, kinasaidia kuliko kipana kilicholala juu ya kochi. Hewa ya chumvi inakula mpako unaoakisi wa nyuma ya kioo kuanzia kwenye kingo, kwa hiyo zipake silikoni nyuma pande zote nne na uache kidole kimoja cha nafasi kati ya kioo na ukuta. Aliyepanga na hajaruhusiwa kupaka rangi aanze na pazia, taa mbili za kusimama zinazomulika juu, na kioo hicho. Akihama anaondoka navyo.